Ganda la Kitunguu Kwenye Bembea ya Ba

Vitunguu vya Marcelina vilianza kuvuliwa nguo mwezi wa Februari, wiki ile baridi ilipoing'ata Thamesmead, pembezoni mwa Landani, mpaka mbweha wakawa wanabisha hodi milangoni kuomba shuka. Marcelina alivinunua vikiwa na maganda yake, akavipanga kwenye kikapu karibu na jiko. Analala vimevaa, anaamka viwili vitatu viko uchi, vinang'aa kama vichwa vya maaskofu. Havijaliwa, havijakatwa. Vimevuliwa tu.

"Baba Vaileth," alimwita mumewe asubuhi moja, mkono kiunoni, "humu ndani tunaishi wangapi?"

"Wawili, tangu Vaileth aolewe Leeds."

"Basi mmoja wetu anavua vitunguu nguo, na mimi sijijui kuwa na tabia hiyo."

Anselm akaivuta kofia yake ya sufu hadi kwenye nyusi, akasema treni haimsubiri mtu, akatoka. Hata kwaheri alisahau. Mwanamume anayesahau kwaheri ana jambo, na jambo la Anselm lilianzia mbali.

Huyu Anselm alikuwa seremala, tena si wa kubahatisha. Alizaliwa Kamachumu, kule Kagera, mtoto wa mzee Evodius, fundi ambaye akikutengenezea mlango, hata mwizi alibisha hodi kwanza kwa heshima. Anselm naye hakuitupa damu. Aliwahi kutengeneza kigoda pale pale Thamesmead, kikadondoka kutoka ghorofa ya tisa, kikadunda mara mbili kwenye lami, kikasimama wima kwenye kituo cha basi, na mama mmoja mwenye mizigo akakikalia akisubiri basi lake. Anayebisha akamwulize yule mama. Anacho mpaka leo.

Kwa miaka kumi na mmoja alipanda treni ya zambarau pale Abbey Wood, akabadilisha Bond Street, akaibukia Kingsbury, upande wa pili kabisa wa Landani. Huko, nyuma ya maduka ya Wagujarati, kulikuwa na karakana ya samani. Iliachwa na mzee mmoja aliyehamia kutoka Upanga, Dar es Salaam, na sasa iliendeshwa na binti yake, Dipti, mama wa miaka hamsini na kitu, mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, na Kiswahili cha Dar kisichokosa kejeli.

Karakana ile ilikuwa na sheria moja: kitunguu hakikanyagi. Mamake Dipti, ambaye wote walimwita Ba kama Wagujarati wamwitavyo mama, alikuwa mtu wa dini, na katika dini yao kitunguu hakiliwi wala hakikaribishwi. Kwa hiyo Anselm alikula mchana wake nje kwenye ngazi, mvua inyeshe isinyeshe, akatafuna mnanaa, ndipo akarudi ndani. Hakuwahi kununa. Kila nyumba ina kizingiti chake, na mgeni mwenye adabu huinua mguu.

Sasa, Januari ya mwaka huo, baridi yabisi ikamwingia vidoleni. Vikavimba, vikapinda, vikafanana na tangawizi. Daktari akamwambia patasi na nyundo basi. Mtu aliyeunganisha mbao maisha yake yote, leo hawezi kufunga kifungo cha shati mpaka Marcelina amsaidie, na Marcelina akimfunga humpiga busu la kidevu na kumwita bibi harusi.

Dipti aliona, akamwita ofisini.

"Fundi, nisikilize bila kununa."

"Nikinuna nitakuambia, dada."

"Mashine yetu mpya inakata mbao yenyewe, ila inataka kuchorewa kwenye kompyuta kila tundu na kila ulimi unaoingia humo. Mimi naijua kompyuta, siijui mbao. Wewe unaijua mbao."

"Na kompyuta naijua kwa sura."

"Basi utaijua kwa tabia. Bembea ya Ba imepasuka."

Bembea ile Anselm aliijua. Ilikuwa kiti kipana cha mbao ngumu ya msaji, kimening'inizwa sebuleni kwa minyororo minne ya shaba iliyotoka Upanga. Hapo ndipo Ba alipokunywa chai, aliposali, alipomenya njegere na kugombeza wajukuu. Joto la mabomba ya nyumba za Kizungu liliikausha mbao mpaka ikapasuka katikati.

"Hataki msumari hata mmoja," Dipti aliendelea. "Baba alimtengenezea ile ya kwanza bila msumari, akamwambia chuma hulia, mbao hunyamaza. Jumapili ya kwanza ya Machi anatimiza miaka themanini na minne. Ukiichora wewe, ikakatwa, ikambeba, unabaki fundi wa hapa, vidole viwe vizima visiwe. Ikishindikana..." Akavua miwani ya machoni, akavaa ya kichwani. "Ikishindikana Ba atasema uende kwenye kufunga mizigo. Na neno la Ba mimi silivuki."

Kufunga mizigo! Mwana wa Evodius azungushie makaratasi meza zilizotengenezwa na wengine! Anselm akatafuta pa kukaa. Na pa kukaa hapakuwepo, maana kiti cha pale ofisini, cha msaji chenye mgongo mrefu, kilikuwa cha marehemu babake Dipti, kazi ya mikono yake mwenyewe, na hakuna aliyekikalia bila ruhusa ya Ba. Hata Dipti alitumia stuli. Kwa hiyo Anselm akapindua ndoo ya rangi, akaketi juu yake mbele ya skrini, akaanza shule akiwa na miaka sitini na mmoja.

Siku ya kwanza kipanya kilimtoroka kama kuku aliyesikia kuna wageni. Siku ya tatu alichora mraba wenye pembe tano, jambo ambalo Dipti alisema hata wataalamu hawaliwezi. Lakini wiki ya pili aliweza kuchora mraba, akauvuta juu ukawa gogo, akaligeuza gogo kama mtu anayegeuza mtoto kumtafuta kidonda, akachungulia mpaka ndani ya tumbo lake bila msumeno.

"Kumbe unaiona mbao ndani kabla hujaipasua!" alisema. "Baba yangu angehamia hapa na godoro."

Kwa pembe nne za bembea alichagua kiungo ambacho mzee Evodius alikiita mama mkwe. Ni vipande vitatu. Viwili vinakutana pembeni na kushikana kama watu wanaosalimiana, ulimi wa huyu kwenye tundu la yule. Kisha cha tatu kinashuka kutoka juu na kuvifungia vyote. "Akishaingia huyo," mzee alizoea kusema, "hatoki mtu nyumbani, wala yeye mwenyewe hatoki."

Na kompyuta ilikuwa na amri moja tamu. Unachora ulimi, unausogeza pale unapotaka tundu, unabonyeza, na ulimi unajichimbia tundu lake wenyewe, sawasawa na mwili wake. Anselm, aliyechimba matundu kwa patasi miaka arobaini, alichimba kumi na mawili kabla ya chai. Akabonyeza tena, na vipande vikaingiana kwenye skrini bila nyundo wala jasho, kama maji yanavyoingia kwenye maji. Dipti alipiga makofi. Anselm aliinuka kwenye ndoo akacheza kidogo, ngoma ya Kihaya, ya mabega.

Wakaijaribu kwanza kwa msonobari, mbao ya kuchezea. Mashine ikanguruma, ikakata. Pembe za ndani za matundu zilitoka mviringo kwa sababu kisu cha mashine kinazunguka, lakini hilo Dipti alilijua, wakazifanya na pembe za ndimi ziwe mviringo, wakacheka. Kisha Anselm akachukua ulimi wa kwanza, akaupeleka kwenye tundu lake.

Ukafika mlangoni, ukagoma.

Akausukuma. Ukagoma. Akausihi kwa Kihaya. Ukagoma. Akamwomba Dipti aushike, akaupiga kwa nyundo ya mbao. Pwaa! Msonobari ukapasuka, kipande kikaruka juu ya sikio la Dipti, kikatoka dirishani na, wasemavyo watu wa Kingsbury, kikatumbukia kwenye chai ya muuza sari duka la tatu.

"Lakini kwenye skrini iliingia!" Anselm alilalamika.

"Kwenye skrini hata mimi naingia kwenye nguo niliyoolewa nayo," Dipti alisema, ila hakucheka. Alikuwa anatazama ukutani, palipoegemezwa ubao mmoja wa msaji ulioachwa na babake. Ulitosha bembea moja. Wa pili haukuwepo. "Fundi, zimebaki wiki mbili. Ule ubao nikiukata ndio basi."

Kwenye treni ya kurudi siku hiyo Anselm hakuona stesheni hata moja. Alikuwa anajiuliza. Kwa mkono hajawahi kukosea hivyo, hata utotoni. Ulimi sentimita mbili, tundu sentimita mbili: kwenye kompyuta hiyo ni ndoa, kwenye mbao ni ugomvi, maana mbao zina miili na miili husuguana. Kumbe miaka yote mkono wake ulikuwa ukiacha kinafasi kidogo bila hata kumwambia. Sasa kompyuta inamwuliza, hicho kinafasi ni kiasi gani? Na mkono, ulipotakiwa kujibu kwa tarakimu, ukawa bubu.

Alipofika Abbey Wood ndipo mzee Evodius alipomjia kichwani, amekunja uso, anamtuma mtoto jikoni. Mzee hakuwa na rula ya vitu vidogo namna ile. Alikuwa na kitunguu. Ganda la nje kabisa, lile kavu, jembamba, la rangi ya chai. Unalibandika kwenye ukuta wa tundu, unaingiza ulimi. Ukiingia nalo bila kulichana, kiungo kimekubali. Anselm aliliacha ganda tangu mkono wake ulipojifunza kazi, akalisahau kama mtu anavyomsahau mwalimu wa darasa la kwanza.

Kwa hiyo ni yeye aliyevivua vile vitunguu, kila asubuhi Marcelina akiwa bafuni. Kwa nini hakumwambia mkewe? Marcelina alikuwa mwema, lakini ulimi wake haukuhitaji tundu. Angeambiwa saa moja, habari ingefika Kingsbury kabla ya treni, na sheria ya Ba kila mtu aliijua. Anselm akayaficha maganda mahali pekee ambapo hapapekuliwi, ndani ya kofia yake, juu ya upara.

Kesho yake kwenye karakana Dipti alianza kunusa kabla Anselm hajaingia sawasawa.

"Fundi, umekula nini?"

"Sijala kitu."

"Basi kichwa chako kimekula."

Anselm akaivua kofia. Dipti akaruka, akafunga mlango, akashusha pazia, akasimama mgongo umeegemea kitasa kana kwamba polisi wako nje.

"Ganda la kitunguu! Kwenye karakana ya baba! Unataka Ba anizike na mimi?"

"Silili, dada. Nataka kujua unene wake tu, kisha natoka nalo."

Dipti alimtazama, akautazama ubao wa msaji. Akavuta droo, akatoa kalipa, kile kipimo cha chuma chenye midomo miwili, akalibana ganda kwa ncha za kucha kama anayeshika mende. "Sifuri nukta sifuri nane ya milimita," alisoma. "Mungu anisamehe."

Tena kompyuta ikawa na jambo lingine tamu: inakubali jina mahali pa namba. Dipti akaandika *ganda*, akaiambia ni kiasi gani, na kila tundu likaelezwa kuwa ni upana wa ulimi, na ganda upande huu, na ganda upande ule. Ukiongeza *ganda* mara moja, matundu yote kumi na mawili yanafunua midomo kwa pamoja kama makinda ya njiwa.

Wakakata msonobari upya. Ganda moja moja, ulimi uliingia nusu, ukalia. Matatu matatu, ukacheza kama jino la mtoto wa miaka sita. Mawili mawili, Anselm aliusukuma kwa dole gumba lake lililovimba, ukateleza taratibu, ukakaa. Mama mkwe akashuka kutoka juu. Akavuta, hakutoka mtu.

Dipti alikwenda kumletea chai, na ndani yake alitia tangawizi mwenyewe, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwa miaka kumi na mmoja.

Lakini Anselm hakumwamini shahidi mmoja. Kalipa ilisema yake, na yeye kila kipande kilichokatwa alikipima pia kwa ganda lenyewe, na maganda yana tabia ya kuchanika. Ndiyo maana Thamesmead vitunguu viliendelea kuamka uchi, mpaka Marcelina akaanza kukifunika kikapu kwa shuka na kukimwagia maji ya baraka.

Ijumaa waliukata msaji. Jumapili Anselm na Marcelina walikwenda nyumbani kwa Ba, Marcelina amevaa kitenge kilichopigwa pasi mpaka kikasimama chenyewe. Ba alikuwa amekaa kwenye kochi, mdogo, mweupe wa nywele, macho makali kama sindano mpya. Minyororo minne ilining'inia darini, mitupu.

"Shikamoo, Ba," Anselm alisema.

"Marahaba, fundi. Dipti anasema umechora bembea yangu ndani ya televisheni."

"Kompyuta, Ba," Dipti alisema.

"Ndiyo hiyo hiyo, haina taarifa ya habari tu."

Anselm akapiga magoti, akapanga vipande kwenye mkeka. Hakuleta nyundo. Pembe ya kwanza ikaingia kwa dole gumba, ya pili, ya tatu. Vidole vilimuuma mpaka jasho likamtoka kwenye nyusi, akajifuta kwa kiwiko. Pembe ya nne mama mkwe alisita kidogo, akashuka, akatoa kisauti kidogo sana, tk, kama mtu anayefunga mlango mtoto amelala. Wakaifunga kwenye minyororo. Ilikuwa imekamilika, nzuri, na Ba alikuwa tayari ameinuka na fimbo yake.

Ndipo Marcelina, kwa mapenzi yake yote, alipomwona mumewe anatokwa jasho na kofia ya sufu kichwani sebuleni kwa wazee.

"Baba Vaileth, jamani! Ndani kwa watu na kofia!" Akaichomoa.

Maganda yakanyesha. Yalikuwa mepesi, hayakuanguka haraka. Yalielea, yakageuka, yakachukua muda wake, na la mwisho likatua mbele ya ndala za Ba. Dipti aliziba macho kwa miwani zote mbili.

"Kumbe ni wewe!" Marcelina alisema. "Na mimi namwaga maji ya baraka!"

Ba aliliangalia ganda. Alimwangalia Anselm. "Fundi. Hii nini?"

Angeweza kusema ni jani. Angeweza kusema ni karatasi ya pipi. Anselm alikiona kile chumba cha kufungia mizigo kimefungua mlango, kinamsubiri.

"Ganda la kitunguu, Ba. Ndicho kipimo cha baba yangu. Bembea yako nimeipimia kwa hilo. Dada Dipti asilaumiwe, nililileta mimi kichwani."

Ba akalisogeza ganda kwa ncha ya fimbo.

"Maganda mangapi?"

"Mawili kila upande wa ulimi, Ba."

"Na yamo ndani ya bembea yangu sasa hivi?"

"Hayamo. Ni nafasi yake tu. Ni pale ambapo ganda lingekaa kama lingekuwepo. Bila nafasi hiyo mbao haikubali kuingia."

Ba aliifikiria nafasi hiyo, akigonga fimbo sakafuni polepole.

"Kwa hiyo bembea yangu inashikwa na kitunguu kisichokuwepo."

"Ndiyo, Ba."

"Miaka hamsini nchi hii," Ba alisema, "leo ndiyo nimepata kitunguu kinachofuata sheria za nyumba yangu." Akanyoosha fimbo. "Haya yaliyopo, yatoe nje. Yasiyokuwepo yabaki. Na wewe kaa kwanza. Ikivunjika, ivunjike na mwenyewe."

Marcelina aliokota maganda yote kwa kitenge chake, mbio, akayatoa nje. Anselm akakaa kwa tako moja, kisha la pili. Minyororo ikakaza. Ba akasogea, akageuka, akajishusha pembeni yake kama malkia anayeshuka kwenye gari, akasema, "Nani anasukuma?" Marcelina akarudi, akasukuma.

Bembea ikaenda, ikarudi. Ikaenda, ikarudi. Hapakusikika mlio wowote.

"Hailii," Ba alisema.

"Hailii, Ba."

"Ile ya zamani ililia kidogo mwishoni. Nilimwambia marehemu, akakataa." Akafumba macho, akaendelea kubembea. "Dipti. Jumatatu mpe huyu kile kiti cha baba yako. Mtu hachori viungo amekalia ndoo."

Dipti akavua miwani zote mbili, akazifuta zote mbili, ingawa ni moja tu iliyolowa.

Kwenye treni ya kurudi Marcelina alikaa kimya kuanzia Kingsbury mpaka Bond Street, na hilo liliingia kwenye historia ya Landani. Kisha akaushika mkono wa mumewe, ule wa tangawizi, akauweka mapajani mwake.

"Kwa hiyo vitunguu vyangu vilikuwa kazini."

"Vilikuwa kazini, Mama Vaileth."

"Ungeniambia ningekuchagulia vyenye maganda mazuri. Wewe umevua vile vya mchuzi."

Jumatatu alimfunga kifungo cha shati, akamtilia mfukoni bahasha yenye maganda sita yaliyonyooshwa, safi, na kumwonya asiyavushe kizingiti ila kwa lazima. Anselm akafika Kingsbury, akaiacha bahasha kwenye ngazi chini ya jiwe, akaingia ofisini, akakisogelea kile kiti cha msaji. Akakikalia taratibu. Kilikuwa kinayumba kidogo mguu wa kushoto.

Akainama, akapapasa chini, kama fundi yeyote angefanya. Kidole chake kikapita kwenye kiungo, kikarudi, kikasimama. Palikuwa na kichwa cha msumari, kimezamishwa vizuri, kimezibwa kwa nta ili mtu asikione.

Ah, marehemu naye, yule aliyesema chuma hulia!

Anselm aliangalia mlangoni. Dipti alikuwa anaongea na simu, Ba alikuwa nyumbani kwenye bembea yake. Akafungua kompyuta, akachora mguu mpya wa kiti, na kwenye kila tundu akaandika *ganda*. Ule msumari aliung'oa mwenyewe mchana, polepole, kwa vidole vibovu, akautia kwenye kofia. Hakumwambia mtu, hata Marcelina.